Plasta Isiyo na Dirisha

Tarehe 14 Machi 2011, daftari la chumba cha upasuaji lina mstari mmoja wa wino wa bluu: shanga ishirini na saba zimewekwa ndani ya muundi wa kushoto wa mgonjwa, mwanamume, miaka arobaini na mmoja, seremala. Idadi hiyo inalingana na iliyomo katika faili lake. Daftari halisemi ni nani aliyezifinyanga shanga hizo. Alizifinyanga shemeji yake.

Watu walimwita Chokaa, kwa kuwa viatu vyake havikuwahi kuonekana na rangi nyingine. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa fundi wa plasta wa hospitali ile. Alilowesha bendeji katika ndoo, akazizungushia mguu au mkono uliovunjika, kisha akazilainisha kwa kiganja mpaka zikawa kama ganda la yai. Wauguzi walisema kwamba plasta ya Chokaa ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Sifa hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Seremala alikuwa kaka wa mkewe. Mwaka 2009 rundo la mbao lilimwangukia karakanani, na ncha ya mfupa ikatoboa ngozi, tundu lisilozidi ukucha. Kwa maelezo ya Chokaa, daktari aliagiza plasta yenye dirisha. Maana yake ni kwamba plasta ikishakauka, fundi hukata kipande cha mraba juu ya kidonda ili kionekane na kusafishwa kila siku.

"Usinisiribe sana, shemeji," seremala alimtania. "Mimi si ukuta wa choo."

"Tulia wewe. Leo utavaa kazi ya fundi, siyo vile vitanda vyako vinavyolia kabla bwana harusi hajakaa."

Plasta ilitoka safi mno. Ilipokauka, Chokaa aliirudia na msumeno mkononi, akaitazama, akaona uchungu kuitoboa. Alijiambia kwamba kidonda ni kidogo, ataikata kesho. Kesho yake lilipinduka basi, na ukumbi ukajaa majeruhi. Kesho kutwa seremala akaruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi aliyemtoa aliiona plasta nzima na kudhani kwamba agizo limebadilishwa. Kazi ya Chokaa haikuwa na wa kuihoji.

Siku ya tisa, Chokaa na mkewe walikwenda kumjulia hali.

"Shemeji, hiki kitu kinanuka."

"Unanuka wewe. Tangu lini seremala akaoga?"

Walicheka wote, na mgonjwa pia.

"Sikuinama," Chokaa aliniambia, na katika vikao vitatu vya mazungumzo yetu hakuna neno alilolirudia kama hilo. "Kutoka nilipokaa mpaka mguuni ni hatua mbili. Sikuinama."

Wiki ya tatu doa la njano lilijitokeza juu ya ule weupe. Plasta ilipokatwa, usaha ulikuwa umekwisha kuingia mfupani. Kwa mwaka mmoja na nusu kidonda kilifunga na kufumuka, kikafunga na kufumuka. Vidonge na sindano havikufua dafu, kwa sababu dawa husafiri na damu, na damu haipiti katika mfupa uliokufa. Mwishowe daktari bingwa aliamua kuukwangua mfupa ulioharibika na kujaza pengo kwa shanga za saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, zikiwa zimetungwa katika waya. Shanga za namna hiyo huachia dawa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, palepale penye ugonjwa. Zile za kiwandani hazikuwapo. Ilibidi zifinyangwe mlemle chumbani, na donge lake huwa gumu baada ya dakika chache.

"Nani ana mkono mwepesi?" daktari aliuliza.

Chumba kizima kilitaja jina moja.

Alivaa glavu, akaanza kuviringisha, kila shanga kiasi cha punje ya hindi, huku muuguzi akizitaja dakika kwa sauti. Saruji hiyo hutoa joto inapokauka. Alilihisi likipenya glavu. "Nilitamani iniunguze," alisema. Siku hiyo alijiwekea ahadi kwamba shanga hazitatolewa kabla hajasema ukweli. Zilipaswa kukaa wiki sita.

Usaha ulikoma wiki ya pili. Kila mgeni aliyeingia kwa seremala alisimuliwa.

"Mnamwona huyu? Dawa iliyo mguuni mwangu kaifinyanga kwa mikono yake. Shemeji kama huyu mtampata wapi?"

"Kaka, punguza sifa," mke wa Chokaa alisema. "Ataacha kuosha vyombo."

Chokaa alisingizia kazi, akaaga. Wiki ya nne alipelekewa kiti cha mninga chenye mikono, ambacho seremala alikichonga akiwa amekaa, mguu juu ya kigoda. Mficha maradhi, kilio humfichua; lakini hapa, Chokaa alisema, maradhi yalikuwa ya mwingine na aliyeficha ni yeye.

Asubuhi ya tarehe 26 Aprili, siku ya kuzitoa shanga, alisimama kando ya kitanda wodini, tayari kumsukuma mgonjwa hadi chumba cha upasuaji.

"Shemeji, daktari alisema niache dirisha. Sikukata."

"Dirisha gani tena? Umeamua kuninyang'anya kazi?"

"Kwenye plasta. Ile ya kwanza. Ningelikata, kidonda kingeonekana mapema."

Seremala hakucheka. "Na nilipokwambia inanuka?"

"Sikuinama."

Seremala alivuta shuka, akaufunika mguu. "Toka kwanza, shemeji. Waambie walete mtu mwingine wa kunisukuma."

Daftari linaonyesha kwamba siku hiyo zilitoka shanga ishirini na saba. Mguu ulipona, ingawa umepungua urefu kidogo. Mpaka alipostaafu, Chokaa aliinamia kila plasta iliyoletwa mbele yake na kuinusa, na wenzake wakamcheka kwamba ananusa miguu kama paka aliyepoteza samaki. Kiti cha mninga kiko sebuleni kwake. Yeye hakikalii. Seremala hufika siku za mapumziko, hukikalia mwenyewe, hunywa chai na kuuliza habari za watoto. Kuhusu vitanda na plasta hawataniani tena.

Karatasi ya agizo ya mwaka 2009 haimo katika faili, kwa hiyo kosa hili lina shahidi mmoja tu, naye ni mkosaji. Seremala hakukubali kurekodiwa, alisema, "Mguu umepona. Mengine ni yetu." Haijulikani kama dirisha lingeuokoa mfupa. Haijulikani pia kama amesamehe.