Kiti cha Saa Kumi na Moja

Maisha yake yote fundi makochi alikuwa amewakalisha watu raha mustarehe, ila kwake yeye kukaa kulikuwa mtihani. Tangu kabati limlemee ngazini, mgongo wake ulivumilia kiti kwa muda wa mlo tu, kisha ukawaka moto. Sasa kitinda mimba wake alikuwa anaolewa katika mji wa mbali, kilomita elfu tisa, na dada wa ofisi ya tiketi alimwambia bila kupepesa macho, "Saa kumi na moja, baba. Ndege haitui njiani."

Mkewe aliguna walipotoka. "Wewe hata kwa kinyozi unatoka umenyolewa upande mmoja."

"Nitajaribu kwanza."

Jirani aliyewahi kufanya usafi ndani ya ndege alimpa vipimo vya kiti, naye fundi akakiunda karakanani. Jumapili asubuhi akajifunga kwa mkanda wa suruali, akatulia kati ya dirisha na gunia la sufi. Mkewe akawa mhudumu. "Abiria, chai hiyo. Ukimwaga, utafua mwenyewe."

Adhuhuri ikapita, jua likaanza kushuka, na fundi bado anatabasamu kama bwana harusi. Mkewe akaingiwa na shaka. Akabonyeza kiti, kiganja kikazama.

"Baba watoto, umeweka sponji ngapi humu?"

Fundi alikodoa macho. Mikono ilikuwa imefanya ilivyozoea: sponji mbili, springi chini, egemeo limelazwa kidogo. Hakukusudia. Kiti kibaya hakujua kukitengeneza.

"Ndege gani hiyo, ya mfalme?" Mkewe alicheka hadi akashika ukuta, kisha akanyamaza, maana mumewe hakucheka.

Jumapili iliyofuata fundi alibakiza sponji moja nyembamba. Saa ya saba ya kukaa ilimkuta amekunja ngumi, jasho linamtiririka. Akajifungua mkanda, akajinyoosha sakafuni.

"Nenda wewe, mama watoto. Mimi nitaona picha."

"Nimwambie nini mtoto? Kwamba baba yake ameshindwa na kiti?" Akaketi kando yake, akamkanda kiuno. Kisha akasema, "Si tuulize kama kuna ndege inayotua njiani?"

Ilikuwepo. Ilizunguka, ikaongeza kilomita elfu moja na ushee, ila kila kipande kilikuwa saa sita na kidogo, na katikati kulikuwa na nusu siku ya kusubiri.

Dada wa tiketi alishangaa. "Watu wanakuja hapa kufupisha safari, baba. Wewe unairefusha?"

"Irefushe, mwanangu."

Katika uwanja wa kubadilishia ndege alitembea ukumbi mzima, kwenda na kurudi, mkewe akisinzia juu ya mabegi. Waliteremka upande wa pili miguu imevimba, lakini wote wawili.

Siku ya harusi alimfikisha binti yake mbele, kisha akabaki wima, mkono kiunoni.

"Baba, kaa basi," bibi harusi alimnong'oneza.

"Nimeshakaa vya kutosha," akasema. "Wewe endelea na shughuli yako."