Mchana Haumo Kwenye Kontra

Nilimpeleka baba mdogo aniombee kazi kwa sababu siwezi kuomba kitu mbele ya watu. Yeye ni komisioneri wa ng'ombe huku Kirolirwe. Sokoni mwenye ng'ombe hunyamaza, mnunuzi naye hunyamaza, na komisioneri husema kwa ajili ya wote wawili mpaka waelewane. Nilifikiri kazi nayo inatafutwa hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ofisi moja ya mifugo, Masisi. Walitaka kijana anayejua ordinateri, yaani kompyuta. Mimi nilisoma shule ya msingi tu. Mengine nilijifundisha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikikaa juu ya kilima, mahali rezo ya simu inapopatikana. Nilikuwa nimeshaandika programu ndogo ya kumkumbusha daktari wa ng'ombe ni kundi gani limefikia siku ya chanjo. Wachungaji wetu hawawapi ng'ombe namba. Wanawajua kwa rangi na kwa pembe. Programu yangu ilimtafuta kila mmoja hivyo hivyo.

Wiki nzima sikutulia. Nilianza kula nikaacha, nilianza kulima nikaacha. Sikuogopa sana kunyimwa kazi. Niliogopa kupewa kazi ya namna nyingine: kukaa siku zote nikinakili orodha za madaftari ndani ya programu waliyoitengeneza wengine.

Shefu, mkuu wa ofisi ile, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Baba mdogo alikaa kabla ya kukaribishwa, akaweka kofia juu ya goti.

"Shefu, huyu mutoto hatafuti kazi," alianza.

Sokoni ndivyo wanavyoanza: ng'ombe huyu hauzwi, tunapita naye tu. Lakini shefu hakuwa sokoni. Alifunga faili.

"Sasa mulikuya kufanya nini?"

"Kukusalimia tu. Lakini kama uko na shida ya muntu wa akili…"

"Papa, pale inje kuko vijana wamejaa. Wote wanatafuta."

Baba mdogo akacheka, kama mtu anayeona bei inapanda. Shefu aliinua mkono amwite anayefuata. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Miye natafuta, Shefu."

Baba mdogo alinikanyaga mguu. Nikatoa simu, nikaiweka mezani, nikafungua programu. Shefu aliitazama kwa muda, akipitisha kidole pembeni mwa ule ufa.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilisoma polepole."

"Na kama ndama iko nyekundu, kisha ikikomaa inakuwa nyeusi? Programu yako itamupata?"

Nimekulia kati ya ng'ombe. Nimeona ndama wakigeuka rangi mara nyingi, na hilo halikunijia akilini hata siku moja.

"Haitamupata," nikasema. "Lakini ukinipatia muda, nitaitengeneza imupate."

Baba mdogo alifunika uso kwa kofia. Kwake hakuna anayetaja kasoro ya ng'ombe wake mwenyewe.

Shefu akafikiri. "Basi. Asubuhi utaandika orodha zetu. Muchana utatengeneza programu yako. Miezi tatu, tuone."

Sekretari alileta kontra, mkataba wa kazi. Ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa nakisoma neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Walisubiri. Nje mtu alikohoa.

"Weka sinyatiri, wee!" baba mdogo akanong'ona. "Unasoma kama iko Biblia?"

Nilifika chini, nikarudi juu. Kulikuwa na orodha tu, asubuhi mpaka jioni.

"Shefu, muchana haiko humu."

"Si nilikuambia kwa mudomo? Haitoshi?"

"Kwa mudomo, kesho nitashindwa kukukumbusha. Miye niko na haya."

Shefu alinitazama, kisha akacheka mpaka tumbo likasukuma meza. Akamrudishia sekretari karatasi, akamwambia aongeze mstari: kila mchana, kutengeneza programu.

Ilipokuja tena nilianza kuisoma upya kutoka juu. Baba mdogo alitoka nje. Mstari ulikuwemo. Nikatia sahihi.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, na kazi ilikuwa ya kuanza Jumatatu. Sekretari alinifungulia mlango. Nilibaki nimesimama palepale.

"Shefu," nikauliza, "ordinateri iko wapi?"