Dizeli ya Nazi ya Bi Time

Kila asubuhi, kabla hajaanza kazi, Bi Time Mjaka hudondosha tone moja la mafuta ya nazi kwenye kikaango cha moto, akainama kusikiliza. Yakilia, yana maji. Huyarudisha jikoni yachemke mpaka yanyamaze.

Siku hizi hupika sabuni uani kwake, Mkunazini, mjini Unguja. Mwaka 1968 alikuwa akiipika kwenye karakana moja ya Malindi, chini ya msimamizi aitwaye Matar. Siku moja Bi Time alitaka sabuni ing'ae kama ya dukani, akakoroga kostiki, ile magadi kali ya kupikia sabuni, kwa spiriti badala ya maji. Haikushika. Kesho yake alikuta utelezi mzito chini ya sufuria, na juu yake mafuta mepesi kama ya taa. Dizeli ilikuwa adimu wakati ule, basi akampelekea mafuta hayo Usi, fundi wa mashine ya kukamulia nazi, ayajaribu. Mashine ilinguruma mchana kutwa, ikinukia vitumbua.

Matar akawaandikia wakubwa kuwa yeye amegundua dizeli ya nazi.

"Na jina langu?" Bi Time alimwuliza.

"Jina la nini, Bi Time? Wewe mpishi. Nipe vipimo tu. Jumamosi wanakuja wageni, nnataka nipike kwa mkono wangu."

Akampa vipimo vya mafuta, spiriti na kostiki, vyote sahihi. Habari ya kujaribu maji kwa kikaango hakuitaja. Na mafuta alimchagulia mwenyewe: yaliyokamuliwa jana yake, bado yana maji tele.

Jumamosi wageni walikaa vitini, Matar akawahutubia juu ya "dizeli yangu". Mashine ikawaka, ikakohoa, ikazima. Usi akafungua chujio, akatoa uji mweupe, akaufikicha kwa maji. Ukatoa povu.

"Bwana Matar," alisema, "hii sabuni. Tuanze na kanzu yako?"

Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Bi Time alikuwa amesimama mlangoni. Alingoja Matar ageuke amwone, ndipo akatabasamu.

Matar alihamishwa mwezi uleule, na jina la Matar Povu likamfuata huko alikokwenda. Ikatoka na amri kwamba mafuta ya nazi yasitiwe tena kwenye mashine yoyote. Pipa zima la mafuta mazuri, aliyoyapika Bi Time, lilimwagwa mtaroni mbele ya macho yake. Usi alimsihi apike upya, wakubwa waone. Alikataa. Kueleza kosa la Matar kungemlazimu kueleza alichokinyamazia.

Nilipomtembelea juzi nilimkuta akikata miche ya sabuni kwa uzi. Baada ya shikamoo nikamwuliza swali langu moja: kama angalimwambia Matar lile moja tu, dizeli yake ingalikuwa inaendesha mashine hadi leo, je, hajuti?

"Sijuti," alisema. "Nlitaka aaibike, akaaibika."