Doa la kijani usoni mwa Jecinta

Saa nne asubuhi, mtaani Buruburu. Phelister Awuor amevua viatu mlangoni na kukunja mikono ya sweta, lakini haiwashi televisheni aliyoitiwa. Kwanza anainua kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu yake.

"Nilijua tu," anasema.

Chini ya kitambaa kuna kanda ya video. Mwenye nyumba, Mzee Mugo, karani mstaafu wa baraza la jiji, anaichukua haraka na kuikumbatia.

Phelister, mwenye umri wa miaka 52, ni fundi wa televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa ambazo wengi wameshazitupa. Kibanda chake kiko Kariobangi, katikati ya wachomeleaji na wafua masufuria. Zamani televisheni zilijaa hadi mlangoni, akakosa hata pa kuweka kiti. Siku hizi wiki huweza kupita bila hata moja, na kodi ya kibanda haina habari na hilo.

Ya Mzee Mugo imeshindikana kubebwa, ndiyo maana fundi ameifuata nyumbani. Ni nzima, ila ina doa. Upande wa kulia wa kioo umegeuka kijani, na bahati mbaya ndipo anapoketi marehemu mkewe, Jecinta, katika kanda ile ya harusi ya binti yao, Kate. Jumapili ukoo mzima unakuja kwa ibada ya kumbukumbu ya Jecinta, na Mzee ameahidi kuwaonyesha. Kanda yenyewe ni hiyo moja.

"Wajukuu hawakumjua," anasema. "Sasa niwaambie nini? Kwamba shosho yao alikuwa kijani?"

Mkosaji, wala hafichi, ni yeye mwenyewe. Masikio yamepungua nguvu, basi akasogeza spika kubwa ya redio ubavuni mwa televisheni ili amsikie mkewe vizuri. Ndani ya spika kuna sumaku. Akapata sauti, akaharibu uso.

Phelister anatoa katika mfuko wake wa vifaa chombo chake: duara la waya wa shaba, pana kama sinia, alilolisuka mwenyewe na kulizungushia utepe mweusi. Analiita ringi. Likipata umeme wa ukutani huwa sumaku inayogeukageuka, na ndilo litakalofuta doa. Lakini sumaku ifutayo doa hufuta na kanda.

"Mzee, hiyo kanda itoke. Mpelekee Mama Kavata hapo jirani."

"Mama Lorraine," Mzee anamwita fundi kwa jina la mtoto wake, "hii siwezi patia mtu."

"Basi toka nayo wewe."

Mzee anatoka. Anasimama nje ya dirisha, kanda ikiwa ndani ya koti, na maswali yanaanza. Phelister ameyazoea. Wateja wake wote huuliza yale yale, na anakiri kwamba anayapenda kuliko malipo.

"Sasa sumaku imeingiaje hapo na hiyo ni glasi?"

"Haishiki glasi, Mzee. Huku nyuma, kwa shingo, kuna chembe ndogo sana za umeme zinarushwa mbele kwa kasi. Zikigonga kioo ndiyo unaona picha. Sumaku ikikaribia, zinapinda, zinagonga rangi si yao."

"Kwa hivyo inazivuta?"

"Haizivuti vile inavuta msumari. Inazisukuma kando."

"Na zikisimama?"

"Zikisimama hazina shida na sumaku. Lazima ziwe kwa mwendo."

"Na inaziongeza mbio?"

"Hapana. Mbio ni zile zile. Inageuza njia tu."

Mzee anacheka peke yake. "Hivyo ndivyo Jecinta alinifanya. Nilikuwa naenda baa, nikajipata kanisani. Na mbio zilikuwa zile zile."

Phelister anaisogeza spika mbali, anawasha televisheni, kisha anabonyeza swichi ya ringi. Ringi linanguruma. Analizungusha mbele ya kioo, na rangi zinaanza kukimbizana, zambarau, nyekundu, kijani. Nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu, na bati hilo limeshika usumaku wa spika. Kulisahaulisha kunataka adabu. Fundi huzungusha huku akirudi kinyumenyume, polepole, hadi afike mlangoni. Hapo ndipo anapozima. Akizima akiwa karibu na kioo, doa hurudi baya kuliko mwanzo.

Rangi zile, kwa bahati mbaya, zinaonekana vizuri kutoka dirishani. Mzee anasahau kila kitu. Phelister yumo katikati ya sebule, anarudi nyuma, anaposikia sauti kisogoni mwake.

"Fundi, ni nini hiyo inazunguka?"

Mzee Mugo amesimama mlangoni, na kanda i kifuani. Kwa fundi kurudi nyuma ni kuikaribia kanda, na kuzima hapo ni kuharibu kioo.

Anaachia swichi.

Ringi linazimika. Katikati ya kioo limekaa doa la zambarau, pana kuliko lile la kijani. Mzee analitazama, anaitazama kanda, kisha anajitupa kitini.

"Nimemuua mara ya pili," anasema, machozi yakimlengalenga.

"Hujaua mtu," Phelister anamwambia. "Kioo nitakirudia. Kanda singeweza."

Ringi limepata moto, lazima lipoe. Wanakunywa chai. Mzee anapoinuka, anavuka kiwanja hadi kwa Mama Kavata na kurudi mikono mitupu. Safari hii anakaa jikoni kama alivyoagizwa, wala haulizi swali hata moja.

Phelister anazungusha, anarudi nyuma, anafika mlangoni, anazima. Kioo ni safi.

Kanda inaporudi na kuingia kwenye deki, Jecinta yuko pale upande wa kulia, amevaa gauni la samawati, anacheka kwa kitu ambacho kamera haikukiona. Ngozi yake ni ya kahawia.

"Ni yeye," Mzee anasema. Fundi naye anafuta macho kwa mkono wa sweta, na hajifichi.

Phelister anajua televisheni hizi hazina miaka mingi. Mpango wake ni kutenga kona ya kibanda kwa ajili ya kunakili kanda za harusi na mazishi ziingie kwenye simu za watoto. Deki anayo, na mashine ya kunakilia amekwisha kuilipia nusu. Kilichobaki ni watu kukubali kumwachia kanda zao.

Wa kwanza amepatikana. Jumapili, baada ya ibada, fundi anapopita na mfuko wake wa vifaa, Mzee Mugo anamkabidhi ile ya Jecinta, lakini kwa sharti moja: haiwezi kusafiri mfuko mmoja na ringi. Phelister anamweleza kwamba ringi bila umeme ni waya tu, halidhuru hata sindano. Anaeleza mara tatu.

"Nimeelewa," Mzee anajibu. "Lakini libaki. Ukirudisha Jecinta, utalichukua."

Kwa hiyo fundi wa Kariobangi leo hana chombo chake cha kazi. Kimelala Buruburu, juu ya televisheni ya Mzee, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.