Sabufa ya Msondo wa Baba

Sikutengeneza sabufa kwa ajili ya muziki. Niliitengeneza kwa sababu mama aliniuliza, "Mbona babako anapiga, lakini ngoma hailii?"

Alikuwa anaangalia video kwenye simu yangu. Niliirekodi harusini Pande, mwaka mmoja kabla baba hajatutoka. Ndiyo video pekee tuliyo nayo, na haifiki hata dakika moja. Baba anaonekana ameufunga msondo kiunoni, ile ngoma ndefu aliyoipiga tangu ujana wake, mikono inapanda na kushuka. Kinachosikika ni vigelegele, makofi na ngoma ndogo tu. Spika ya simu ni ndogo kama kucha. Sauti nzito haina pa kupitia. Na msondo wenyewe ulichukuliwa na wenzake wa kikundi baada ya arobaini. Nasikia hata ngozi yake imeshabadilishwa.

Nilipokuwa mdogo, baba akipiga ng'ambo ya mashamba ya Tingi, nilikuwa nausikia msondo tumboni kabla ya masikioni. Nilikuwa na hamu na mshindo ule kuliko hata sura yake. Sura ninayo kwenye picha.

Nina kibanda Nangurukuru, nachaji simu na kuwaingizia watu nyimbo. Nyaya nazijua, useremala sikuwahi kuujua. Fundi redio jirani yangu akanitafutia spika mbili kubwa kutoka kwenye redio zilizokufa, pamoja na bodi ya ampu ya kukuza sauti, inayotumia betri. "Dada, sabufa si maandazi," akanionya. Nikamjibu kwamba yeye hata maandazi yenyewe hayawezi kuyapika. Kiburi hiki hakijawahi kunifikisha pazuri.

Nikakata plaiwudi, nikagongomea sanduku, nikaziba kila upenyo kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Nikatoboa tundu la kupumulia, nikachomeka kipande cha bomba la maji. Nikaunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, ampu nikaifunga kwenye betri ya sola, simu nikaichomeka kwenye ampu. Ijumaa, baada ya swala, nikamwita mama barazani.

Video ikaanza. Vigelegele vikawa vikubwa. Makofi yakawa makubwa. Msondo, kimya. Nikaongeza sauti mpaka kuku wakakimbia, msondo bado kimya.

Mama akauliza kwa utulivu kabisa, "Umeipasha moto?"

Nilicheka. Kwetu kila mtu anajua ngoma haipigwi mpaka ngozi ipashwe moto ikaze. Lakini hili lilikuwa sanduku la plaiwudi.

"Mama, hii haina ngozi."

"Na hiyo nyeusi ni nini?" Alikuwa ananyooshea kidole zile karatasi za spika. "Ipashe."

Nilibisha, nikashindwa. Tukalitoa sanduku juani, tukakaa nalo kama watu wanaosubiri mpunga ukauke. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua: kwamba miaka yote ile, kabla ya kila ngoma, yeye ndiye aliyekuwa akishika makuti yanayowaka, baba akiuzungusha msondo na kuugusagusa kwa vidole. "Watu walikuwa wanamsifu yeye," alisema. "Moto ulikuwa wangu." Nikaona haya kwa kile kicheko changu.

Jua halikusaidia kitu. Nikachomoa nyaya za spika kwenye ampu, nikazigusisha kwenye betri ya tochi, kama mafundi wanavyofanya kuona kama spika bado ni nzima. Mama alikuwa ameweka viganja vyake juu ya spika, kimoja huku, kimoja kule.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Huyu ananisukuma, huyu ananikimbia. Hawa hawachezi pamoja."

Nikainama kutazama. Kumbe spika moja nilikuwa nimeiunganisha kinyume, chanya mahali pa hasi. Moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na sauti nzito inafia humo humo. Nilikuwa nimezitazama siku tatu bila kuona, na yeye alijua kwa viganja. Nikabadilisha nyaya mbili tu, huku mama akinihimiza nisichelewe maana sanduku lilikuwa bado na joto.

Video ikaanza upya. Msondo ukatokea sakafuni, ukapanda miguuni, ukanikaa tumboni, pale pale pa utotoni. Baba alikuwa anapiga. Nilitaka kumwita. Mama aliweka mkono juu ya sanduku, kichwa kikitikisika taratibu, midomo ikicheza bila sauti.

Mara kimya.

"Mbona ameacha?" mama akauliza. "Hapo ndipo alipokuwa anaanza kuchanganya midundo."

Baba hakuacha. Siku ile alipiga mpaka alasiri. Mimi ndiye niliyeacha kurekodi, kwa sababu pilau ilikuwa imepakuliwa na niliogopa kukosa nyama. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupamba.

Mama akanigeukia.

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mama."

"Haya, rudisha mwanzo," akasema, mkono wake ungali juu ya sanduku. "Kabla haijapoa."