Mbuzi Aliyekula Nguo

Nyuma ya soko la Mutomo kuna korongo nililolipenda utotoni kuliko mahali pengine popote. Wakati wa kiangazi, kila kitu kikiwa na rangi ya vumbi, korongo hilo peke yake ndilo lililochanua. Migunga yake ilivaa. Tawi moja lilikuwa na sketi ya manjano, jingine soksi, jingine blauzi ya maua makubwa ambayo hayajawahi kuota Ukambani. Upepo ukivuma, nguo zilijaa hewa zikasimama, nami nikaketi ukingoni nikiwatazama watu wasio na vichwa wakicheza. Mbuzi walipita katikati yao polepole, wakinusa pindo hapa, wakivuta uzi pale. Hakuna aliyewafukuza, maana mbuzi ni mbuzi.

Mama yangu aliuza mitumba. Robota likifunguliwa, za kwanza kutoka ni kamera, zile nzuri ambazo walimu na wauguzi hugombania. Mwisho kabisa hubaki fagia, ambayo hata ukimpa mtu bure atakuuliza amekukosea nini. Fagia ndiyo iliyokwenda korongoni. Haikuwa ya mama tu, ilikuwa ya soko zima, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuipeleka. Na kila mwaka iliongezeka. Mama alisema nguo za zamani zilikuja zimevaliwa lakini zina mwili, na hizi za siku hizi zinakuja na lebo shingoni, hazijaonja hata jasho, na ukizifua kidogo zinalegea. Aliinua blauzi moja mbele ya dirisha na nikamwona mama mzima kupitia kitambaa. Robota hununuliwa likiwa limefungwa. Kwa hiyo alinunua taka za watu asiowajua, akazibeba mgongoni mwake mwenyewe. Jambo hilo huniudhi mpaka leo.

Mvua ikinyesha, korongo liliteremsha kila kitu mtoni. Mito yetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji hujificha chini yake mpaka uyachimbe. Nakumbuka nimepiga magoti shimoni, mchanga baridi umenifika kwenye kiwiko, nikashika mkono wa sweta. Nikavuta, ukaja, ukazidi kuja, nikangoja kumwona aliyeuvaa. Maji yaliyojaa nyuma yake yalikuwa na rangi ya waridi hafifu. Niliyaona mazuri sana, nikayachota.

Nilipokuwa mtu mzima na nimepata mchumba, watu wake walituma ujumbe kwamba wako tayari kuleta mbuzi wa ntheo. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, akasema hapana. Kwetu, mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo aletwe nyumbani kwao, achinjwe na aliwe na pande zote mbili. Baba alikuwa hajamleta wa mama. Walikuwa wamezaa, wamejenga, wamezeeka pamoja, lakini kila mbuzi aliyefaa alimezwa na karo au na ukame. Na binti hawezi kutangulia mama yake. Zaidi ya hayo, mama akifa hivyo, kaka zake wangekuja kuuchukua mwili wakauzike kwao Matinyani, kama msichana aliyekwenda kutembea akachelewa kurudi. Mama alikuwa ameanza kuumwa kifua. Hakulitaja jambo hilo, ila nilimwona siku moja amesimama kwenye shamba letu, akipatazama mahali ambapo bibi mzaa baba amelazwa, kama mtu anayechagua kiti.

Baba akamchagua mbuzi. Kiangazi kilikuwa kikali, mbuzi wa kila mtu mbavu nje, lakini wetu mmoja alikuwa na tumbo la mviringo, limekaza vizuri. Majirani walikuja kulipapasa. "Hii imeshiba," walisema, na baba akavimba kichwa. Akina mama wa kanisa wakaanza kumwita mama bibi harusi, naye akajifanya amekasirika.

Tulikwenda Matinyani kwa pikapu, mbuzi amelazwa miguuni petu. Mjomba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo tuliomba kwanza, chai ikanywewa, kisha akakunja mikono ya shati na kuchinja mwenyewe. Alipolipasua tumbo, hayakutoka majani. Lilitoka donge la kijivu, gumu, limesokotwa kama kamba ya kisima. Akalivuta. Likaja na kamba nyingine. Mtu akamwaga maji juu yake, na rangi zikaanza kurudi moja moja: bluu, manjano, kisha maua makubwa mekundu.

"Shemeji," mjomba akasema, "umeniletea mbuzi ama robota?"

Wanaume wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona mama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakutuambia la kufanya nguo yenyewe ikiliwa.

"Hii hatukuli," mjomba akaendelea, sasa bila mzaha. "Mnyama alikuwa anakufa na njaa, na nyinyi mnasema imenona. Ntheo si ya kuliwa na aibu. Enda ulete ingine."

Mama akasimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya kaka yake. "Na wenye walishona hiyo nguo wako wapi? Walichoka nayo, wakatutumia. Mbuzi yetu ikakula. Halafu ni mimi naambiwa sijaolewa?"

Kuku walikuwa wakidonoa kando ya lile donge, na shangazi mmoja akawafukuza kwa kanga.

Baba alirudi nyumbani mtu mwingine. Alinunua mwanambuzi aliyetoka tu kuachishwa ziwa, akamfunga kamba, na hakumwachilia tena. Kila alfajiri niliwaona wakipita kwenye ukungu, yeye mbele na mbuzi nyuma, wakielekea mbali na mji, ng'ambo ya mto, kule ambako vichaka bado vilikuwa uchi, havijavikwa nguo. Hata huko alitembea ameinama. Akiona uzi kwenye mwiba, aliuokota kabla mbuzi hajaufikia. Watu walisema mzee ameoa mbuzi. Baba, ambaye hakuwahi kumshika mama mkono hadharani, alipita katikati ya maneno hayo kama hasikii, mfuko wa koti umejaa nyuzi za rangi zote.

Mama naye alikataa kutupa fagia tena. Alijaribu kuichoma, ikayeyuka, ikadondoka matone ya moto, na moshi wake mweusi ukamletea kikohozi cha wiki nzima. Basi akaileta nyumbani. Magunia yalijaa ghala, yakaingia chumba changu, nikawa nalala katikati ya nguo za watu wa ng'ambo. Usingizini nilisikia kitambaa kikiteleza juu ya kitambaa, na niliota bahari ambayo sijawahi kuiona. Waliozishona wanajua zinapoanzia. Mahali zinapoishia palikuwa kitandani kwangu.

Mvua iliporudi tulipanda pikapu tena. Safari hii hakuna aliyemsifu mbuzi. Mjomba alichinja, na alipofika kwenye tumbo sote tulijikuta tumesogea, hata wanawake, shingo zimenyooka. Akapasua. Yakatoka majani. Mabichi, yaliyotafunwa, yananuka mvua, na nikasikia baba akishusha pumzi aliyoishikilia tangu kiangazi.

Mjomba aliingiza mkono tena, na vidole vyake vikasimama. Kati ya majani kulikuwa na uzi mwekundu, mrefu kama kidole. Niliuona, na baba aliuona. Mama, aliyekuwa karibu kuliko sote, alifumba macho.

Mjomba akafunga kiganja.

"Majani," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Majani matupu. Wekeni nyama kwa moto."

Baadaye nilimmiminia maji anawe. Alipofungua mkono, ule uzi ulianguka kwenye beseni, nami nikamtazama.

"Mjomba, uliuona."

"Niliuona." Alijisugua kati ya vidole, taratibu. "Nikingoja mbuzi ambayo haijakula nguo, mama yako atakufa msichana. Hakuna tena mbuzi kama hiyo."

Ndani, mama alikuwa ameketi kando ya baba na sahani magotini, akila kwa mikono miwili. Akanisogezea nafasi, nikaketi, nikala.