King'ora Kwenye Mlima wa Ipogolo

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyenilinda barabarani miaka yote ya kazi na kunifikisha uzeeni nikiwa na mikono inayoweza bado kushika kalamu. Haya nawaandikia ninyi mnaoendesha magari leo.

Siku yangu ya kwanza kama dereva wa gari la wagonjwa, katika hospitali moja mkoani Mbeya, Dereva Mkuu alinipeleka Rujewa na kurudi bila mgonjwa. Juu ya machela alifunga beseni lililojaa maji. Tuliporudi, sakafu ilikuwa imelowa.

"Hiyo iliyomwagika ni damu ya mtu," alisema. "Umeendesha kama umebeba viazi. Kesho tunarudia."

Tulirudia siku tatu. Ndipo akanifundisha kufunga mtungi wa oksijeni usicheze, na kutumia kimulimuli, ile taa inayozunguka juu ya paa, pamoja na king'ora.

Baadaye nilihamia hospitali nyingine mjini Iringa. Huko gari moja lilifanya kazi zote: kuleta wagonjwa na kupeleka marehemu kwao. Nikiwa na marehemu nilipiga king'ora njia nzima. Hakuna aliyeniagiza. Wafiwa waliona ni heshima, nami niliona ni wema. Na watu wa Iringa wanaheshimu msiba: magari husimama palepale yalipo, madereva huvua kofia, mpaka msafara upite.

Mchana mmoja nilimchukua Faraja, binti aliyekuwa na uchungu wa mimba ya kwanza, kutoka kituo cha afya kilicho njia ya Mafinga. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, hivyo ilibidi afike kwenye upasuaji haraka. Ndani alikuwa na nesi na mama yake mzazi.

Tulipoanza kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, king'ora kikilia, lori la mbao lililokuwa mbele yetu lilisimama katikati ya njia yake. Magari yaliyokuwa yakishuka nayo yakasimama sambamba nalo. Nafasi ikazibwa. Dereva wa lori akashuka, kofia mkononi, akaja hadi dirishani kwangu.

"Kamwene, mzee," alinisalimu kwa Kihehe. "Poleni na msiba."

"Msiba gani? Nina mgonjwa!"

Mama yake Faraja akatoa kichwa nje. "Mwanangu hajafa! Vaa kofia yako uondoe gari!"

Yule dereva akakimbia. Lakini lori lenye shehena likishasimama mlimani haliondoki kirahisi. Lilirudi nyuma kidogo, likazima, ikabidi matairi yawekewe mawe. Waliokuwa wakishuka wakaombwa mmoja mmoja wasogee. Mimi nilishika usukani nikiomba kwa sauti.

Faraja alipona. Mtoto wake alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Siku iliyofuata Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, aliniita. Hakupaza sauti.

"Kwa nini walikuvulia kofia?"

Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nikiendesha safari za misiba.

"Basi somo hilo walilipata kwako," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

Tangu hapo marehemu niliwapeleka bila king'ora. Si wote walipenda. Safari moja ya Idodi, mfiwa mmoja aliyekaa kando yangu alinigeukia. "Yaani kaka yangu anaondoka kimya kama gunia la mahindi?"

"Baba, kaka yako hawezi tena kuchelewa," nilijibu. "King'ora namwekea anayeweza."

Alinuna mpaka tukatoka mjini. Kisha mama mmoja kule nyuma akaanzisha wimbo wa kanisani, wakaimba hadi Idodi.

Kwa ruhusa ya Mganga Mfawidhi nilianza pia kwenda stendi kuzungumza na madereva. Niliwaambia: ukisikia king'ora, tazama vioo ujue kinatoka wapi. Washa indiketa ya kushoto, punguza mwendo, bana kushoto kabisa, ndipo usimame hadi gari lipite. Ukiwa mlimani, kwenye kona au darajani, usisimame. Endelea mpaka upate upana. Anayekuja kutoka mbele naye abane kushoto kwake. Wala usiunge nyuma yetu ili upate njia, maana huenda gari la pili linatufuata.

"Na kofia, mzee, tuvue lini?" dereva mmoja akadakia. Wakacheka.

"Ukishabana kushoto, vua hata shati."

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda kijijini kwa Faraja. Alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza kwamba ni mimi niliyewazoesha watu kusimama. Alimaliza kiazi alichoshika, akaweka kisu chini.

"Nilikusikia ukiomba mle ndani ya gari," alisema. "Nikajua na wewe unateseka. Hilo la king'ora sikulijua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, baba. Na wale madereva unaowafundisha, umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Pale stendi nilitaja makosa ya kila mtu isipokuwa langu.

"Basi waambie," alisema.

Nimewaambia sasa. Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akufikishe salama kila uendako, na siku utakayolazwa wewe kwenye machela, ukute barabara iko wazi.